Kabla Maji Hayajapoa

Kwa wiki kumi na moja Mshubiri aliomba Jumamosi ya kumi na mbili isifike, na Jumamosi hiyo, kama zilivyo siku zote za kuogopwa, ikafika mapema, tena na jua lake zuri.

Alifungua mlango wa saluni, akatoa makopo ya mshubiri nje yapate mwanga, akabandika sufuria ya maji. Hayo makopo ndiyo yaliyompa jina. Alipohamia mtaani miaka minne iliyopita na kuipanga mimea yake mlangoni, watu wakaanza kumwita Mshubiri, naye akaitika, maana mtu wa biashara hachagui jina analoitwa na wateja. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja: kiti cha kulalia nyuma, beseni, rafu ya chupa za mafuta ya nazi na ya nyonyo, ndoo ya udongo mweupe uliochekechwa ukachekechwa tena. Wateja wake wengi walikuwa wanaume, madereva na makarani na walimu, watu waliochoka kujikuna vichwa mbele za watu. Aliwaachisha shampuu kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa, kwa upole, na kwa kujua kwamba patakuwa na kilio.

Asubuhi hii alikuwa akimsubiri mmoja tu, na mikono yake ilikuwa baridi.

Huyo mmoja mtaa mzima ulimwita Fundi. Alitengeneza miwani katika kibanda cha vioo kando ya benki, na kazi yake ilikuwa ya kuinama. Mteja akikaa mbele yake, Fundi huinamia skrubu ndogo kuliko chawa, na mteja, kwa kukosa la kutazama, humtazama utosini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na utosi wake ulikuwa umeanza kung'aa. Kila alipoinama alihisi macho ya watu yakimtambaa pale juu. Basi akawa anaosha nywele asubuhi na jioni, kwa shampuu kali ya povu jingi kutoka duka la mama yake, mjane aliyemlea peke yake kwa kuuza sabuni na shampuu mpaka watu wakamwita Mama Povu. Kadiri alivyoosha ndivyo ngozi ilivyokauka, kadiri ilivyokauka ndivyo mba ilivyomwagika mabegani, na kadiri mba ilivyomwagika ndivyo naye alivyozidi kuosha. Alipofika kwa Mshubiri mara ya kwanza alikuwa amevaa kofia ya sufu kwenye joto, na kijasho chembamba kilikuwa kikimtoka.

Hapa lazima niseme kuhusu shangazi. Shangazi yake Mshubiri ndiye aliyemfundisha kazi, na alikuwa na sheria moja tu. Kichwa kikishalala kwenye beseni ukakipitisha vidole, mwambie mwenyewe ulichokikuta kabla maji hayajapoa. Kama zitaota, mwambie zitaota. Kama hazitaota, mwambie hazitaota. Maji yakipoa hujasema, alikuwa akionya shangazi, hutasema tena, kwa sababu mtu atakuwa ameshaanza kukupenda. Alimaanisha mapenzi ya mteja kwa msusi wake, yale ya kurudi kila wiki na kuleta wenzake. Mengine hakuyawazia.

Jumamosi ile ya kwanza vidole vya Mshubiri vilipita kichwani mwa Fundi na kuona yote kwa muda usiozidi wa kuhesabu ishirini. Pembeni na kisogoni ngozi ilikuwa imekauka na kukasirika, lakini ilikuwa hai. Utosini ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Hapakuwa na shina hata moja la kuamsha. Alifungua mdomo aseme. Wakati huohuo Fundi, macho yamefumba, akasema kwa sauti ya mtu anayekaribia kulala kwamba mikono yake haina haraka, kwamba watu wengine wote humshika kichwa kama wanaosha sufuria. Mshubiri akacheka. Alipomaliza kucheka maji yalikuwa yamepoa.

Tangu hapo mambo yakaenda yalivyokwenda. Alimwambia ajaribu kwa wiki kumi na mbili: aache shampuu kabisa, aoshe kwa udongo na ute wa mshubiri mara moja kwa wiki, siku nyingine maji matupu, na jioni tone la mafuta. Wiki ya pili na ya tatu kichwa cha Fundi kilitoa mafuta kana kwamba kimefunguliwa kutoka kifungoni. Alinuka beberu. Wateja wake walisogeza viti nyuma, na Mama Povu alifungua madirisha yote ya nyumba na kumuuliza kama siku hizi analala zizini. Kila asubuhi alimwekea chupa mpya ya shampuu bafuni, na kila asubuhi Fundi aliirudisha dukani akiwa njiani kwenda kazini, akaipanga kwenye rafu, akamwamkia mama yake na kupita. Jumamosi alikuwa akimsimulia Mshubiri vita hivyo, wote wawili wakicheka mpaka udongo ukamwingia masikioni.

Katika wiki hizo za harufu mbaya ndipo walipopendana. Fundi aligundua kwamba Mshubiri husoma maandishi ya chupa kwa kuyasogeza puani, akamwita kibandani, akampima, akamtengenezea miwani ya fremu nyembamba yenye rangi ya asali. Tatizo la miwani saluni ni mvuke. Maji ya moto yakimiminwa tu, vioo vinafunga ukungu, na msusi ana mikono yenye udongo. Basi ikawa desturi yao. Fundi alinyoosha mkono bila kufumbua macho, akasema "Lete," akaifuta kwa pindo la shati lake, akainuka kidogo, akamvisha na kuiweka sawa nyuma ya masikio kwa vidole viwili vya kifundi. Hakuwahi kumgusa zaidi ya hapo. Mshubiri aliungoja mvuke wiki nzima.

Wiki ya tano mba iliisha. Kuwashwa kukaisha. Nywele za pembeni zikawa laini na nyeusi, na Fundi akazishika mbele ya kioo kama mtu aliyeokota kitu. Akasema sasa zinazofuata ni za utosini. Mshubiri akageuka kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Na Fundi, kwa furaha ile, akaenda kumwambia mama yake anataka kumwoa Mshubiri, akafanya alilolifanya. Mama Povu alikuwa ameshakataa habari ya msusi tangu mwanzo. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameumia. Alisema hawezi kumwita mkwe binti anayetangaza mtaani kwamba yeye amemwosha mwanawe kwa sumu miaka thelathini. Fundi akambishia, maneno yakapanda, mwisho Mama Povu akasema: "Haya. Ulisema wiki kumi na mbili. Majani yake yakiotesha nywele hapo utosini, nitakwenda mwenyewe kwa shangazi yake nikuposee. Yasipootesha, mke nitakutafutia mimi, na jina la huyo binti sitaki kulisikia tena nyumbani kwangu." Fundi akampa mkono. Hakuwahi kumvunjia mama yake neno tangu azaliwe, na wote wawili walilijua hilo.

Jumamosi ya sita akaja kumweleza Mshubiri huku akicheka. Hapo ndipo angesema. Maji yalikuwa yameshapoa wiki tano, lakini bado angesema. Akatazama uso ule wenye furaha, akamuuliza kama maji si ya moto mno.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua waliwahi kupenda, nina hakika.

Basi leo Fundi aliingia saa tatu, shati jipya la bluu, kofia hana. Alisema mama atafika saa nne, amemwacha akifunga duka, na amevaa vizuri kuliko anavyovaa harusini, jambo ambalo linaweza kuwa dalili njema au mbaya. Akalala kwenye kiti. Mshubiri akamimina maji, akampaka udongo taratibu kuanzia kisogoni, akaenda pembeni, akaacha utosi mpaka mwisho. Miwani yake ikafunga ukungu.

"Lete," Fundi akasema.

Akaifuta kwa pindo la shati jipya, akainuka na udongo wake kichwani, akamvisha. Safari hii hakulala tena mara moja. Walitazamana kwa karibu, mpaka Mshubiri akaona ukope mmoja mweupe katika jicho la kushoto ambao hajawahi kuuona.

"Leo umenyamaza sana," Fundi akasema.

"Fundi, hazitaota."

Alisema haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba. Fundi akatabasamu. Alisema Mshubiri mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba mwili hauna haraka. Mama ni mtu wa biashara, akiona hata vichipukizi vitatu ataongeza muda.

"Hakuna vichipukizi. Hazitaota mwezi ujao, wala mwaka ujao. Shina likishakufa hakuna mafuta ya kulifufua, si yangu wala ya mwingine. Ngozi yako imepona, mba imekwisha, na nywele ulizobaki nazo ni nzima. Hicho ndicho nilichoweza."

Tabasamu la Fundi lilikaa usoni muda kidogo baada ya furaha yenyewe kuondoka.

"Umejua lini?"

Mshubiri angeweza kusema leo. Neno hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, fupi, jepesi, na lingemwokoa. Lakini alikuwa amechoka kulala na jambo hili moyoni na kuamka nalo.

"Siku ya kwanza."

"Kabla ya kunikausha, au baada?"

"Maji yalikuwa bado ya moto."

Fundi alikuwa anaijua sheria ya shangazi. Mshubiri alimsimulia mwenyewe, Jumamosi ya nne, kwa majivuno. Akalala tena kwenye kiti, akatazama dari.

"Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja," akasema, "na miwani mitano kwenye mfuko. Kila aliyempima alimuuzia mwingine. Nikampima. Jicho lilikuwa limekwisha. Nikamwambia palepale, akalia mbele ya wateja, mimi nimemshikia mkongojo. Unadhani sikutamani kumpa fremu nzuri aende zake na matumaini?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingenyamaza."

Mshubiri alisema kweli yote basi, kwa kuwa hakukuwa na cha kuokoa. Alisema aliogopa. "Ningekuambia usingerudi. Mtu asiye na nywele za kuotesha anarudi hapa kufanya nini?"

"Kukaa," Fundi akasema. "Ningerudi kukaa tu."

Hakuna tusi lingemuuma kuliko hilo. Mshubiri alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Fundi akaendelea bila kupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mtu anayefoka unaweza kumjibu. Alisema asingempa mama yake mkono. Angemwambia, mama, kipara ninacho na mke ninamtaka, tukae tuzungumze hata mwaka. Angemwomba, angemletea wazee, angemchosha. "Ningekupigania kwa mdomo wangu. Wewe umeniacha nikupiganie kwa nywele, na ulijua sina."

"Mwambie hivyo. Mwambie mimi ndiye niliyekosea."

"Mkono nilitoa mimi."

Mlango ukabishwa hodi. Haikuwa bado saa nne, lakini Mama Povu hakuwahi kuchelewa popote maishani mwake.

Aliingia na mkoba wake mkubwa, akaitazama rafu ya chupa kama mwenye duka anavyolitazama duka la mwenzake, akaitikia shikamoo ya Mshubiri bila kuongeza neno. Kisha akasema amekuja kuona kichwa. Mshubiri akamwambia bado kina udongo. Mama Povu akasema basi akisuuze, yeye yupo, hana haraka.

Maji yalikuwa yamepoa kabisa. Mshubiri akataka kuyabandika upya, lakini Fundi akasema, "Tumia hayo hayo."

Akamsuuza kwa maji baridi. Ilikuwa mara ya mwisho na watu wawili kati ya watatu walijua, na wa tatu akaanza kuhisi. Vidole vyake vilipita pembeni, kisogoni, utosini, na kila mahali vilipopita vilipaaga kimyakimya. Machozi yakamjaa, akaivua miwani kwa mkono uliolowa na kuiweka kwenye ukingo wa rafu. Fundi alisikia kioo kikigusa ubao. Mkono wake ulishtuka kidogo kwenye mkono wa kiti, ukatulia.

Mama Povu akamwinua mwanawe akampeleka dirishani. Alikishika kichwa kile kwa mikono miwili, akakigeuza, akatenganisha nywele kwa kidole gumba kama alivyofanya bila shaka alipokuwa mtoto wa shule. Alichukua muda. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki humchelewesha mtu.

"Mba imekwisha," akasema, kwa tabu. "Ngozi safi." Akapanda utosini, na hapo kidole kikasimama. Kikazunguka polepole, kikarudi. "Ni kipara cha kaka yangu," akasema, kama anayezungumza na dirisha. Kaka yake, mjomba wa Fundi, alikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kofia, hata akiumwa kitandani. Mama Povu akageuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na sauti ilikuwa ndogo kuliko yeye.

"Nieleze, binti. Ni povu langu lililomfanya hivi?"

Hili ndilo swali lililokuwa likimla usiku na mchana, na Mshubiri akaelewa kwamba vita vyote vile vya chupa bafuni vilikuwa woga. Mtu mwingine angelitumia. Angesema ndiyo, au angesema labda, akajipatia nafasi ya kujadiliana.

"Hapana, mama. Shampuu ilimkausha ngozi tu, na hiyo imepona. Kipara ni cha ukoo. Kingekuja hata kama ungemwosha kwa maziwa."

Mama Povu alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye kiti cha kusubiria, mkoba mapajani. Kwa muda mfupi chumba kilikuwa na amani. Mshubiri alithubutu hata kutumaini. Halafu yule mama akainua macho.

"Na hilo umelijua lini?"

Kwa mara ya pili asubuhi ile, akajibu. "Siku ya kwanza, mama."

"Siku ya kwanza." Mama Povu alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika. "Nilikuja hapa nikidhani nitamkuta tapeli asiyejua kazi. Asiyejua ningemsamehe, nikamfundisha hata kuuza. Wewe kazi unaijua. Ukajua, ukanyamaza, ukamwacha mwanangu aje kunipa mkono kwa ajili yako. Sitakutukana. Umenitua mzigo mkubwa sasa hivi, nashukuru. Lakini kesho mwanangu akiumwa kitu kikubwa kuliko nywele, ukakijua wewe, utamwambia lini?"

Mshubiri akamtazama Fundi, na Mama Povu naye akamtazama Fundi, na ninaapa kwamba wakati ule hata mama yule alikuwa akingoja mwanawe aseme neno. Angesema neno moja tu, huenda mambo yangekuwa mengine.

Fundi alichukua taulo mkononi mwa Mshubiri, akajikausha mwenyewe. Hakuwahi kujikausha mwenyewe katika chumba kile. Akaficha uso ndani ya taulo, na alipolishusha macho yalikuwa mekundu.

"Mkono nilitoa," akasema, na haikujulikana anamwambia nani.

Akalikunja taulo vizuri akaliweka juu ya kiti. Mama yake akasimama, akatoka kwanza, akamngojea nje penye makopo. Fundi akabaki peke yake na Mshubiri kwa muda wa pumzi tatu. Akanyoosha mkono kwenye rafu akachukua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati la bluu, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, akaiinua kwenye mwanga, akafuta tena. Mshubiri akainua uso kidogo, kwa mazoea, na kufumba macho kumngojea.

Alisikia miwani ikiwekwa kwenye ubao wa rafu. Alipofumbua macho, Fundi alikuwa mlangoni, kisha hakuwapo.

Kwa macho yake matupu aliona madoa mawili yakienda barabarani, moja jeusi, moja la bluu lenye mng'ao juu yake pale jua lilipogusa utosi. Alitaka kuita. Hakulijua jina la kuita, maana "Fundi" kila mtu alimwita hivyo, na jina ambalo angemwita yeye peke yake walikuwa bado hawajalifikia. Doa la bluu lilisimama mara moja, penye kona. Hakuweza kuona kama limegeuka.

Akapapasa rafu haraka, akaipata miwani, akaivaa. Vioo vilikuwa safi mpaka pembeni, bila alama ya kidole hata moja. Aliona kila kitu vizuri kabisa, udongo mweupe sakafuni, taulo lililokunjwa, beseni la maji baridi, na barabara yote hadi kwenye kona, ambako hapakuwa na mtu.